Naibu Mkuu wa Wasio na Vyeti

Narcisse Hitimana alitoka kufundisha hesabu Mahoko akawa naibu mkuu wa chuo kikuu kidogo cha Gisenyi. Mwaka 1997 aliona watu waliorudi kutoka Kongo wakifukuzwa langoni kwa sababu vyeti vyao vilipotelea kwenye kambi za wakimbizi. Akaweka utaratibu wake: njoo na watu wawili mliosoma darasa moja, waape mbele yangu, kisha ufanye mtihani. Akishinda mtu, anaingia.

Wenye suti walimcheka, wakamwita rekta wa soko, yaani mkuu wa chuo cha sokoni. Mwaka wa pili mwenyekiti wa baraza la chuo, mzee Habiyaremye, akausimamisha mtihani. Narcisse, tayari akiugua moyo, aliandika barua tatu. Jibu likawa lile lile: tutaangalia ukipona. Moyo wake haukupona. Mungu alimchukua mwezi Machi 1999.

Siku ya kuanua matanga dada yake Murekatete alisali rozari nzima, hasira isipungue. Habiyaremye alikaa mbele na kumsifu marehemu hadi chai ikapoa. Kisha baba yao mdogo akauliza kama desturi inavyotaka: mwenye jambo na marehemu aseme leo, familia ijibu, ndipo msiba ufungwe.

Kampire, muuza viazi wa Busasamana aliyepoteza cheti kambini, akasimama.

"Mi niko na jambo. Aliniambia nitafanya mutihani Jumatatu, kisha bakausimamisha. Bashahidi bangu hawa hapa."

"Mama, hayo ni ya ofisi," Habiyaremye akasema. "Hapa ni kilio."

Murekatete akainuka.

"Mzee, ofisini ulimwambia asubiri apone. Sasa tumemzika. Jumatatu mlango utafunguliwa?"

"Bon, sawa, baraza litakaa."

"Likae. Sisi pia tutakaa. Jambo la kaka yangu halijajibiwa, na matanga haya hayaanuliwi. Tunayahamishia kwenye lango la chuo chako."

"Padri, mwambie huyu," Habiyaremye akasema.

Padri akafunga kitabu chake. "Mi naleta mukeka wangu."

Jumatatu walikuwa arobaini na wawili langoni, wakisali kwa sauti, na magari ya baraza hayakupata pa kupita. Saa tano mlinzi akafungua kwa amri ya baraza: mtihani ufanywe. Kampire akaingia na mashahidi wake.

Murekatete hakumshukuru mtu. Kitu ambacho ndugu yake alikiomba kwa adabu kwa barua tatu walikitoa asubuhi moja, kwa aibu. Alikaa pale hadi karatasi ya mwisho ilipokusanywa, ndipo akaenda kunyoa nywele za msiba.