Saksafoni Mbili Siku ya Jubilei ya Bibi

Harufu ya mahindi yanayokaushwa juu ya moshi wa kuni inanitia aibu hadi leo. Wenzangu ikiwafikia puani wanakumbuka makande. Mimi nakumbuka saksafoni, na nitawaeleza kwa nini, maana nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumwogopa.

Babu yangu Elieza, kabla ya kurudi kijijini kwetu Vudee, huko milimani, kulima tangawizi, alipuliza saksafoni katika bendi ya dansi mjini Tanga. Ilikuwa tenori, ile yenye sauti nzito ya kiume ambayo wanakwaya wa kwetu wangeiita sauti ya tatu. Bendi za enzi zile zilijiita jazi huku zikipiga rumba. Ni Babu na mwenzake Kasimu tu waliokuwa na wazimu wa jazi yenyewe, ile ya Wamarekani, waliyojifunza kwa kurudia santuri moja mpaka ikakwaruzika. Uzeeni Mzee Kasimu alifungua duka Hedaru, kando ya barabara kuu. Kila alipopanda kwetu, walikaa uani wakapiga vibao vilevile vya ujanani, mmoja akiuliza, mwenzake akimjibu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Babu na Bibi walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Bibi hakuomba kitenge wala mbuzi. Alitaka Babu ampigie, mbele ya watu, kile kibao cha taratibu alichomposea. Babu alikubali papo hapo, kifua mbele, kisha wiki nzima akawa mkimya. Sikujiuliza sababu.

Asubuhi ya sherehe Mzee Kasimu alifika, wakajaribu kibao kidogo, wakaingia ndani kunywa chai. Mimi nilikuwa mtoto mjuaji. Nikaikagua saksafoni ya Babu. Kwenye mdomo wake palikuwa na kibanzi chembamba cha mwanzi, kile kinachotetemeka mtu akipuliza. Wao walikiita ulimi. Kilikuwa kimelowa mate na kuingia weusi pembeni. Nikaona haifai mzee wa watu asimame mbele ya mchungaji na uchafu ule. Nikakichomoa, nikakisugua kwa jivu, nikakisuuza, nikakianika kwenye uchaga juu ya moto, kwa sababu nyumbani kwetu kila kilicholowa kilikaukia pale pamoja na mahindi. Nilipokirudia kilikuwa kimejikunja na kupasuka katikati.

Nilimpelekea Babu huku nalia. Alikigeuzageuza kiganjani.

“Nani kakwambia ukioshe?”

“Nimejiambia mwenyewe, Babu.”

Sikuchapwa. Babu akasema hana kingine, na vitu hivyo havipatikani hata Same mjini. Mzee Kasimu akafungua sanduku la saksafoni yake kuchukua kitambaa. Nilikuwa nimesimama kwapani mwake, nikaona kijikasha kimejaa ndimi mpya, bado ziko kwenye karatasi zake.

“Babu Kasimu, si hizo hapo?”

Akafunga sanduku. “Hizo zimekufa, mjukuu wangu. Elieza, leo tutapokezana hii yangu.”

Basi mchana ule ikawa saksafoni moja, wazee wawili. Mzee Kasimu alichukua sehemu ndefu, zile za kupanda na kuzunguka, mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Babu alipewa penye utamu tu, mistari miwili mitatu, kisha anarudisha na kwenda kukaa kando ya Bibi, kamshika mkono. Watu walidhani ndiyo staili yenyewe. Mchungaji alipiga makofi nje ya mapigo, Bibi akalia bila kujificha. Mimi nilinuna. Nilimwona Mzee Kasimu mchoyo na mpenda sifa, aliyemnyima rafiki yake kibanzi ili ang'ae yeye. Tangu siku ile shikamoo yangu kwake ilitokea mdomoni tu.

Babu alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi ya kifua. Nikakua, nikapata kazi ya ualimu Same. Siku moja nilishuka Hedaru kununua vitunguu, nikajikuta mbele ya duka la Mzee Kasimu, mzee sana sasa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, muosha ndimi.”

Nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini alitudanganya.

“Asubuhi ile tulipojaribu, pumzi ilimwishia katikati ya kibao,” alisema. “Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nimepuliza naye miaka mingi, nikajua. Angekuwa na saksafoni yake mkononi angejilazimisha mpaka mwisho, akwame mbele ya mkewe. Ulipouharibu ule ulimi, nilishukuru Mungu.”

“Ungeniambia, babu. Nimekununia miaka yote hii.”

“Ungemtazama kwa huruma. Watoto hamjui kuficha macho.”

Mzee yule alikubali kuonekana mchoyo na mtoto wa miaka tisa, na kuendelea kuonekana hivyo kila alipokanyaga kwetu, ili rafiki yake abaki mume aliyempigia mkewe kibao mpaka kikaisha. Alinijua vizuri. Siku ile, pamoja na kununa kwangu kote, nilimtazama Babu kwa fahari tupu, naye Babu aliniona nikimtazama.