Kabati la walio hai

Saa tatu kasoro robo asubuhi, wanaume wanne wanateremka mtaani wamebeba sanduku refu la mbao lililofunikwa kwa shuka jeupe. Wanatembea polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu anayewaongoza amewaambia kwamba atakayekwaruza vanishi atailamba.

Mtaa unanyamaza. Mwenye pikipiki anazima injini. Kinyozi anatoka kibandani na mkasi wake, mteja wake anamfuata akiwa amenyolewa upande mmoja, na wote wawili wanainamisha vichwa.

"Ni nani?" kinyozi ananong'ona.

"Ni redio," anajibu mwanamke anayetembea mbele, bila kugeuka.

Kinyozi anafikiri kidogo. "Poleni sana," anasema.

Mwanamke huyo ni seremala wa miaka arobaini na mmoja, na mtaani hapa hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Mama Kifuniko. Kwa miaka kumi na moja ametengeneza majeneza, na kwa hesabu yake yamepita mia saba. Moja au mawili kwa wiki yanatosha kodi ya nyumba na ada ya binti yake. Ni kazi isiyo na msimu, na wateja wake hawajawahi kulalamika.

"Hapo ndipo penye tatizo," anasema. "Mia saba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia, fundi, nimelala vizuri. Kazi yangu ikikamilika inafukiwa. Mtu akitaka nimwonyeshe nilichotengeneza maishani, nimwonyeshe udongo?"

Kilicho chini ya shuka leo ni kitu chake cha kwanza kwa ajili ya watu wanaopumua: kabati la kuwekea mitambo ya muziki. Lina rafu tatu za amplifaya na ndugu zake, na juu yake kuna nafasi ya gramafoni ya kupigia santuri.

Karakana ni yake na kaka yake, ambaye asubuhi hii ameshika pembe ya nyuma kushoto, akiwa na uso wa mtu anayekwenda kushuhudia mwenzake akishindwa. Ndiye aliyeweka masharti. Kabati moja tu. Likikubaliwa, nusu ya karakana ni ya dada, atengeneze hata vitanda vya paka. Likirejeshwa, mambo ya samani yasitajwe tena.

"Kaka yangu si mtu mbaya," anasema Mama Kifuniko. "Ila anaamini watu watanunua kitanda kwa fundi wa majeneza siku watakayonunua keki kwa mhudumu wa mochwari."

Nyumbani kwa mteja, habari imefika kabla ya mzigo. Jirani aliyeona msafara kutoka dirishani amepita uani mbio na sasa yuko sebuleni, ameshika mikono yote miwili ya mke wa mteja.

"Jikaze, dada," anasema huku machozi yakimtoka. "Ameugua lini? Jana si nilimwona akinunua betri?"

Mlango wa chumbani unafunguka na marehemu anatoka akifuta miwani. "Kabati limefika?" anauliza. Jirani anakaa chini, mahali pasipo na kiti.

Mteja huyo ni opereta wa simu mstaafu. Aliunganisha sauti za watu kwa miaka thelathini na miwili, na wote wanamwita Mzee Sikio. Anadai kwamba mtu akidanganya, yeye huujua uongo kwenye pumzi, kabla ya neno lenyewe kutoka. Mkewe anasema madai hayo yana kasoro, kwa kuwa ameshamdanganya mara nyingi na hakuna simu iliyolia.

Wiki tatu zilizopita Mama Kifuniko alikuja kuchukua vipimo. "Alimtazama mume wangu toka utosini hadi vidoleni," anasimulia mke huyo. "Akatoa futi, akampima mabega. Mimi nikadhani ndio utaratibu."

"Mkono una mazoea yake," anajitetea fundi. "Nilipofika kiunoni nikakumbuka kilichonileta."

Shida ya nyumba hii ni sakafu. Ni ya mbao, na mama mwenye nyumba ni mwanamke aliyejaliwa mwili. Kila akipiga hatua, sakafu inajibu, meza inatikisika na sindano inaruka kwenye santuri. Kwa miaka tisa sheria imekuwa moja: muziki ukianza, mama asiinuke.

"Nikishikwa na kiu, nangoja upande wa kwanza uishe," anasema. "Nina mume anayependa nyimbo ndefu."

Kwa hiyo jaribio la Mzee Sikio halihitaji vyombo. Ataweka santuri, mkewe atatembea toka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Sindano ikiruka, kabati litarudi lilikotoka.

Shuka linaondolewa. Kabati linang'aa hata jirani anainuka kulitazama. Mzee Sikio analizunguka, mikono nyuma, kisha anasimama ubavuni.

"Fundi, hivi vishikio sita ni vya nini?"

"Vya kubebea, mzee."

"Litabebwa mara ngapi?"

"Kwa kawaida, mara moja tu."

Kaka anakohoa na kutazama dari. Mzee Sikio anachukua rundo la nyaya, anakwenda nyuma ya kabati, anakaa huko muda mrefu. Sauti yake inatoka taratibu. "Na nyaya nazipitisha wapi?"

Mgongo wa kabati ni ubao mmoja mzima, umepigwa msasa hadi unateleza, umegundishwa na kukazwa kwa skrubu ishirini na nne. Hauna tundu hata la sisimizi.

"Mzee, nisamehe," anasema Mama Kifuniko. "Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kitatokaje."

Keekee inatolewa kwenye mfuko wa vifaa. Kwa robo saa anatoboa matundu matano, akiyalainisha kwa msasa huku jirani akimshikia kopo la kukingia vumbi. Nyaya zinapita, taa nyekundu ya amplifaya inawaka, na Mzee Sikio anashusha sindano kwa vidole viwili.

Muziki unajaa sebule. Mama anaanza safari yake mlangoni. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, shwari. Hatua ya nne, sindano inaruka. Ya tano inaruka tena, na mwimbaji anameza mstari mzima.

Mama anasimama pale pale katikati ya sebule, mguu mmoja mbele. Hamtazami mtu. Kisha anarudi kwenye kiti chake na kukaa, kama alivyozoea.

"Dada," kaka anasema kwa upole, na upole huo unauma kuliko kejeli, "niwaite wabebaji?"

"Subiri." Mama Kifuniko amepiga magoti. Ameweka kiganja juu ya kabati. "Mama, naomba utembee tena."

Mama anatembea. Fundi anafumba macho, anasikiliza kwa mkono.

"Linaimba," anasema hatimaye. "Kila sanduku lina uwazi, na uwazi hupenda kuimba. Hata yale mengine, gari likipita kwenye mashimo, yananguruma. Ndiyo maana tunaweka—"

Hamalizi. Anatoka nje, na kutoka dirishani wanamwona akikimbia mtaani, kinyozi akimwangalia bila kujua kama avue kofia.

Anarudi akihema, mkononi ana kipande cha ubao, pima maji, na mto mdogo mweupe ulioshindiliwa vumbi la mbao hadi ukawa mgumu kama mkate wa jana. Anauweka juu ya kabati, ubao juu ya mto, gramafoni juu ya ubao. Anabonyeza huku, anasukuma kule, mpaka kiputo cha pima maji kinatulia katikati.

Mzee Sikio anautazama mto ule. "Fundi, huu ni ule wa...?"

"Ndio ule, mzee. Ila ni mpya, haujalaliwa."

Sindano inashuka. Mama anaondoka mlangoni, safari hii akikanyaga kwa kisigino, maana na yeye ana haki ya kujua. Hatua ya nne inapita. Ya tano, ya sita. Anafika dirishani, anageuka, anarudi. Mwimbaji anaendelea na shughuli zake.

Jaribio limekwisha, lakini mama hakai. Anakwenda jikoni, anarudi na glasi ya maji, anaiweka mezani. "Nimesahau kijiko," anasema, na anakwenda tena. Maji hayanywewi kwa kijiko, na kila aliyemo sebuleni analijua hilo. Hakuna anayemkumbusha. Safari ya tatu anafuata sahani. Ya nne hatafuti sababu, anapita tu, mabega yakienda na wimbo.

Mzee Sikio haitazami sindano. Anamtazama mkewe. "Fundi," anasema, "limekaa vizuri."

"Mzee, samahani, sikusikia."

"Nimesema limekaa vizuri."

"Mara moja zaidi, mzee, na kaka yangu asikie."

Jioni hiyo kaka anachora mstari wa chaki katikati ya sakafu ya karakana. Anauchora umepinda kidogo, upande wake ukiwa mkubwa, na dada anaufuta kwa kiatu na kuuchora upya. Oda ya kwanza imeshaingia. Kinyozi anataka rafu ya vioo, kwa sharti kwamba ifikishwe na mtu mmoja, mchana, akiwa anapiga mluzi.

Majeneza hatayaacha, kwa kuwa watu nao hawajaacha. Lakini anapanga kutengeneza vitanda, viti na makabati, vyote vikiwa na matundu mgongoni, hata visivyohitaji.

"Nina ombi moja tu kwa miaka kumi ijayo," anasema akikung'uta vumbi kwenye aproni. "Mguu wa kiti ulegee, mteja mmoja aje hapa amekasirika, anigombeze mbele ya watu. Nitamwekea chai."