Kikombe cha Selpher

Zedekiah alikuwa bawabu huko Lavington, mtu wa maneno machache. Mkewe, Selpher, alizikwa kwao Butere, magharibi ya nchi, mwaka wa 1969. Udongo wa kaburi haujakauka, baba mkwe akamleta binti yake mdogo, Philister, mpaka chumba cha Zedekiah pale Kangemi, akamwacha na furushi lake. Ndiyo desturi ya kwao: dada akifa, mdogo wake huketi mahali pake, jiko lisizimike. Binti alikuwa kidato cha pili. Akavishwa nguo za marehemu, zikampwaya.

Zedekiah hakumgusa. Alilala kitini, binti nyuma ya pazia. Kumrudisha ni kumtukana mkwe. Kumweka, moyo ulikataa. Oloo wa chumba cha pili akawa anamtania kwamba wengine wakifiwa huachiwa kilio, yeye kaletewa mwali. Zedekiah alicheka kidogo ili yaishe.

Jumapili moja alimkuta Philister na daftari lake la shule. Yeye hakujua kusoma. Akauliza zile alama ni za nini. Binti akamweleza kwa vyombo vya mle ndani. Birika moja na bilauri mbili hubeba painti tano. Birika peke yake ni sawa na bilauri nane. Basi ondoa birika, weka bilauri nane mahali pake: zitakuwa bilauri kumi kwa painti tano. Bilauri moja ni nusu painti. Sasa rudi kwenye birika: nusu mara nane, painti nne.

Zedekiah hakuamini mpaka aone maji. Bilauri ilikuwa na uji wa binti, akaona si neno, akachukua rafuni kikombe cha Selpher. Hakikuwa kimeguswa tangu msiba. Akamimina mara nane, akihesabu kwa sauti. Birika halikujaa, maji yalipungua vidole viwili kufika ukingoni. Akamwaga, akaanza upya. Vidole viwili vilevile. Akasema hesabu hiyo ina kasoro.

"Haina kasoro, shemeji," Philister akasema. "Kinachowekwa mahali pa kingine sharti kilingane nacho. Hicho ni kidogo."

Zedekiah akamtazama. Mikono ya gauni la Selpher ilimfunika binti mpaka vidoleni.

Zedekiah akakikausha kikombe, akakirudisha rafuni. Akauliza shule ilifunguliwa lini. Wiki tatu zilizopita, akajibiwa.

"Vaa nguo zako," akasema. "Kwa baba nitasema mimi."

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akapewa siku mbili. Wakateremka hadi River Road penye mabasi ya magharibi. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia mkwe wake. Hakupata hata moja. Philister alitangulia kupanda, daftari kifuani. Zedekiah akasimama chini, mguu mmoja kwenye ngazi, mpaka utingo akamuuliza, mzee, unaenda au huendi.

Akapanda. Mlango ukafungwa nyuma yake.