Tulivyomfundisha Akello Kusoma

Nilikwenda Kampala kwa sababu ya Halima, na naomba mtu asiniulize tena kama nilifuata vitenge. Halima tulijuana kwenye semina ya walimu kule Mwanza. Ni Mnubi wa Kampala, wa ukoo wa askari wa zamani, na anafundisha Kiswahili katika shule iliyo ubavuni mwa kambi ya polisi, njia ya kwenda Port Bell. Alinipigia simu sauti imemkauka. Darasa lake la nne, alisema, linaimba kitabu badala ya kukisoma. “Njoo na ule mchezo wako wa kuigiza, dada. Kuna binti mmoja hapa, nikimkosa muhula huu, nimemkosa moja kwa moja.” Likizo ya Juni ilikuwa imeshaanza huku kwetu Bukoba, nikafunga begi.

Asubuhi na mapema nilikuwa ndani ya basi, nimebanwa na mama mwenye gunia la dagaa ambaye alilala begani kwangu bila hata kunisalimu. Pale Mutukula, afisa wa mpakani aliniuliza nakwenda kufanya nini Uganda. Nikamjibu nakwenda kucheza mchezo na watoto. Akanitazama mvi zangu, akagonga muhuri.

Masaka tulisimama kidogo, na mikono ikaingia madirishani na ndizi za kuchoma na mapaja ya kuku. Nilikula kwa raha, nisifiche. Nilikuwa na matumaini mengi siku ile, na mtu mwenye matumaini hula vizuri.

Jioni basi lilitushusha Kisenyi, pale Kampala, katikati ya gereji na maduka ya jumla, kelele za vyuma na adhana juu yake. Halima alikuwa amesimama mbele ya duka la Msomali mmoja wa matairi, amejifunga mtandio wa kijani ili nimwone. Amekonda. Tulipofika kwake nikamwuliza huyo binti ni nani hasa.

“Akello,” akasema. “Ana miaka kumi na mitatu, na bado yuko la nne. Baba yake sajenti. Kesho utamsikia mwenyewe, maana nimemwita.”

Jumatatu asubuhi Sajenti Odongo alikuja akiwa na sare, buti zinang’aa, akakataa kiti. Mtu wa Lira, kule kaskazini, mrefu, sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisicho na mapambo.

“Mwalimu, mimi nasema kitu moja. Hii mtoto anarudia darasa ya nne mara ya tatu. Mama yake iko na mtoto mdogo, anataka mtu ya kusaidia nyumbani. Mimi nimengoja. Siku ya mchezo yenu nakuja. Kama hajui kusoma, namtoa.”

“Na akijua, Afande?” nikauliza.

“Akijua, nitafurahi sana,” akasema, akatutolea heshima, akaondoka. Jibu hilo lilinitosha. Siku hizi nikilikumbuka najiuliza lilinitoshaje.

Darasani Akello alikaa nyuma kabisa, magoti yamegota kwenye dawati lililotengenezewa watoto wa miaka tisa. Nikawasomea mchezo wenyewe. Ni mfupi: mwuza chapati anatupa mifuko ya plastiki, ambayo Kampala wanaiita kavera, kwenye mtaro, mtaro unaziba, mvua inakuja, maji yanaingia dukani kwa jirani, na mtaa mzima unagombana. Nilipomaliza nikauliza swali rahisi: kwa nini maji yaliingia dukani?

Darasa zima likasimama wima. “Amri, Mwalimu!”

Nikadhani hawakunielewa. Nikauliza kwa nini mtaro uliziba. Amri. Kwa nini jirani alikasirika? Hapo wakasitasita, kisha mmoja akajaribu kwamba labda naye alipewa amri. Nilicheka, Halima hakucheka. “Hawa ni watoto wa kambi,” alinieleza tulipotoka. “Umeme ukikatwa, amri. Jirani akifungasha vitu vyake alfajiri, amri. Hakuna anayewaambia sababu, na wao wamezoea kutouliza.”

Basi tukaanzia hapo. Kila mtoto alishika karatasi yake, na ilikuwa marufuku kuiweka chini. Kila sentensi ilibeba ama “kwa sababu” ama “kwa hiyo”, na aliyesoma tokeo alikwenda kumshika mkono aliyesoma chanzo chake. Kila siku niliwabadilishia sehemu, maana ukimwachia mtoto wa pale sehemu moja siku mbili, ataikariri na karatasi itabaki pambo. Ukurasa uleule tuliurudia na kuurudia, mpaka sauti ikaacha kujikwaa.

Wiki ya kwanza Akello alisoma kwa kidole, silabi moja moja, jasho linamtoka. Wenzake wadogo walimcheka. Nilimwambia Halima kwamba huyu hatufiki naye popote, na nilimaanisha. Akanijibu kwamba kama nimechoka, njia ya Bukoba naijua.

Jumatano ya wiki ya pili, ilipoangukia kwa Akello sehemu ya mwenye duka, alikosea katikati ya sentensi. Akasimama. Bila kuambiwa na mtu akarudi mwanzo, akaisoma yote kwa mkupuo mmoja, tena kwa hasira, kama mtu ambaye kweli unga wake umelowa. Kisha akainua macho akamwuliza mwuza chapati, jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, “Sasa wewe ulitupa kwa nini?” Hakuna aliyecheka. Halima alitoka nje kupenga kamasi, nami nikajitia kufuta ubao uliokwisha kufutwa.

Mchezo ulikuwa Ijumaa. Alhamisi Akello hakuja. Wenzake wakasema wanahama, baba yake amepata uhamisho wa Karamoja, mbali kaskazini mashariki, lori limeshafika. Halima alichukua karatasi za mchezo, tukashuka kambini mbio mbio, watu wazima na heshima zetu.

Lori lilikuwa limejaa magodoro, jiko, na kuku ndani ya kapu. Sajenti alikuwa anafunga kamba. Akello alisimama pembeni, mdogo wake mgongoni.

“Afande,” Halima akasema, akihema, “mchezo hutauona. Tunakuomba, msikilize hapahapa.”

Akaiacha kamba. “Soma,” akamwambia binti yake.

Akello akasoma. “Maji yameingia dukani kwa sababu mtaro umeziba. Mtaro umeziba kwa sababu ya kavera tulizotupa wenyewe. Kwa hiyo tusimlaumu Mungu, tuiname tuzibue.” Sauti yake ilikwenda sawasawa, na mtoto mgongoni akanyamaza kumsikiliza. Sajenti, polisi ni polisi, akaugeuza ukurasa na kuweka kidole katikati. “Hapa.” Akasoma hapo. “Na hapa.” Akasoma na hapo, bila kukwama.

Yule bwana aliikunja karatasi vizuri, akaturudishia kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na maji. “Asante sana, Mwalimu. Nyinyi mmefanya kazi. Mimi nilimpeleka shule ajue kusoma. Sasa anajua. Shule imekwisha.”

“Afande, ulisema akishindwa ndipo utamtoa,” Halima akasema.

“Ndiyo. Angeshindwa, tulikuwa tunapoteza wakati. Sasa ameshinda, amemaliza. Huko atasaidia mama yake.”

Nikamwambia kuna darasa la tano, la sita, la saba, kuna sekondari. Alinisikiliza kwa adabu zote. “Kusoma si ni kusoma?” akauliza, na aliuliza kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumwambia.

Akello alikuwa anatutazama sisi. “Mwalimu,” akaniambia polepole, “na kama ningekosea?”

Nilimwambia amesoma vizuri sana. Akapanda, akampakata mdogo wake juu ya magodoro, na lori likaondoka.

Ijumaa mchezo ulichezwa. Sehemu aliyokuwa asome Akello tulimpa mtoto mwingine, naye aliisoma vizuri, wazazi wakapiga makofi, mwalimu mkuu akatusifu hadharani. Halima alishukuru kwa niaba yetu. Mimi nilishindwa.

Jumamosi nilirudi. Masaka mikono iliingia tena madirishani na ndizi zile zile, nikafunga kioo. Nilitaka kulia, ila jirani yangu alikuwa mzungumzaji.

Walimu wenzangu hapa wananiuliza kama mchezo ule unafaa, wautumie na wao. Unafaa, nawaambia, na karatasi nawapa. Nilichojifunza nakisema kwa maneno yale yale niliyowafundisha watoto. Akello alikuwa shuleni kwa sababu hajui kusoma. Tukamfundisha.