Kulala Haiko kwa Fomu

Jumanne saa tatu asubuhi, katika zahanati moja upande wa Nyamasaria, mama anayekaanga samaki kando ya barabara alipimwa joto, likawa sawa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya kupimwa corona.

"Unakohoa?" karani wa mlangoni akamuuliza, kalamu ikiwa juu ya fomu.

"Sikohoi, daktari. Silali. Wiki ya tatu sasa."

"Mama, kulala haiko kwa fomu."

"Hata mimi silali," mwanamume mmoja akadakia. "Bibi anakoroma!" Foleni ikacheka.

Mama alipandisha mkono wa sweta akaonyesha kidonda. Alikuwa amesinzia mbele ya karai, mafuta yakamuunguza.

"Mzee wangu alizikwa kwa dakika kumi, na watu wa nguo nyeupe. Sanduku halikufunguliwa. Nikifunga macho, najiuliza kama ni yeye kweli."

Karani akatazama kidonda, akatazama fomu. "Lakini hukohoi?"

Fomu hakuitunga yeye. Ila kwa mazishi yale lilipatikana gari, wakapatikana wabebaji, na askari wa kuwazuia jamaa wasikaribie. Wiki tatu baadaye hajapatikana hata mtu mmoja wa kumuuliza mjane analalaje. Tulichojali ni pumzi yake. Ikishajulikana hatatuambukiza, mengine ni shauri yake.

Saa nne kasorobo alitoka na karatasi yenye muhuri, imeandikwa "Hana dalili". Saa sita nilipopita barabarani, alikuwa ameketi mbele ya karai, mafuta yakichemka.