Vidonge vya Wifi wa Goma

Nilimwahidi profesa wangu kwamba ningerudi Mwanza na jibu: kwa nini dawa ya presha haiwasaidii baadhi ya wagonjwa wa mpakani. Yeye aliamini sababu ni asili yao. Ningethibitisha hivyo, ningepewa nafasi ya ukufunzi msaidizi, nami niliitamani hadi nikakosa usingizi.

Kutoka Kigali basi lilipanda Musanze, kisha likateremka Kanama katikati ya mashamba ya viazi. Sikutulia. Kila kona nilifuta swali na kuandika jingine.

Gisenyi nilipokewa na Mama Solange, mgonjwa aliyekulia Karagwe kabla ya familia yake kurejea Rwanda. Alikuwa akichambua maharage na Furaha, mke wa kaka yake, anayevuka mpaka kutoka Goma, Kongo, kila siku kuuza vitenge. Nilipouliza asili ya babu zake, Mama Solange aliendelea na maharage.

Furaha akacheka. "We mwalimu, bon, presha inaulizaka babu?"

Niliona aibu, lakini sikuifuta safu ya asili kwenye dodoso langu.

Jioni, Furaha alipojiandaa kuvuka, Mama Solange alitwaa mkasi, akaikata pakiti yake ya vidonge katikati na kumpa wifi yake nusu.

"Mama, wewe utabaki na nini?" nilimuuliza.

"Nameza leo, kesho napumzika. Naye ana presha; mimi nina bima, yeye hana. Unataka afe?"

"Mi sifi mbele yako," Furaha akamtania. "Nani atakupikia sombe ya majani ya muhogo?"

Sikucheka. "Nesi anajua?"

"Usimwambie, mwanangu. Watanikatia dawa."

Usiku kucha niligeuka kitandani. Nikinyamaza, profesa angepata asili aliyoitaka, na wanawake wawili wangeendelea kumeza nusu.

Asubuhi nilimsihi Mama Solange aseme mwenyewe. Tulikwenda zahanati sote watatu. Nesi aligomba, kisha akampima Furaha na kumwandikia dawa yake mwenyewe, ya bei anayoimudu. Ya Mama Solange haikukatwa.

Niliporudi Mwanza, profesa alisoma kurasa zangu akiwa amesimama. "Huu ni uzembe wa mgonjwa. Asili iko wapi?"

"Hii ni familia, Profesa," nilijibu.

Nafasi ile amepewa mwingine. Bado sina kazi, na kurasa zile sijazibadilisha.

Msomaji, kama unagawana dawa na ndugu yako, nakuomba umwambie anayekutibu.