Mpira wa Redio Yangu Ulikuwa Umelegea

Nianze kwa kukiri kabisa, msije mkanihurumia bure: aibu niliyoipata Makuyuni siku ya mazishi ya Mzee Semkiwa niliitafuta mwenyewe, tena kwa bidii, na nikiwasimulia leo si kwamba imeniisha, haijaniisha, bado basi likipita pale nainama kama nafunga kamba za viatu (na mara nyingi nimevaa ndala).

Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, na ugonjwa wangu ni muziki wa kale wa Ulaya, ule wa fidla na vinanda usio na maneno, ambao mke wangu anauita muziki wa kutangazia vifo. Msidhani niko peke yangu. Tulikuwa tisa, wengine wa huku na wengine wa Handeni, tuna grupu letu la WhatsApp linaitwa Masikio, tunatumiana rekodi tunazozipenda halafu tunabishana, nani kapiga vizuri, nani kaharakisha, nani kaharibu kabisa, na kila mwisho wa mwezi tunakutana Chanika ya Handeni nyumbani kwa Mwalimu Hiza, mstaafu aliyeanzisha grupu, tunasikiliza pamoja na kunywa chai. Huko waliniita Profesa, kwa sababu naweza kuiongelea rekodi yoyote nusu saa nzima bila kumeza mate. Jina hilo nililipenda mno, na matatizo yote yalianzia hapo.

Siku moja nilinunua redio kaseti ya mtumba mnadani Handeni, kufika nyumbani nakuta ndani yake kuna kanda imesahaulika, lebo imefutika yote, haisomeki hata herufi moja. Nikaiwasha huku napinda suruali ya mteja, na jamani, zikatoka fidla nzito, za chini, za polepole, zinajivuta kama watu wanaotoka makaburini, mpaka suruali nikaiacha na sindano ikining'inia. Nikaweka simu mbele ya spika, nikarekodi, nikawarushia Masikio. Katikati jogoo wa jirani aliwika, lakini sikujali.

Grupu likawaka moto. Mwalimu Hiza akauliza swali la kawaida tu: "Profesa, huu ni wa nani?"

Ningeandika "sijui" tungekuwa tumemaliza, kila mtu angeendelea na shughuli zake na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Profesa anajibuje "sijui"? Nikaandika kwamba mtunzi wake ni mtu wa zamani, hafahamiki sana, aliutunga wiki ile aliyomzika mwanawe wa pekee, na baada ya hapo hakutunga tena. Niliyatoa wapi? Kichwani, nikiwa na pini mdomoni. Mwalimu akajibu: "Ajabu. Fidla ziko chini mno, lakini jogoo yuko sawa." Nikaona anatania, nikamtumia kikatuni cha kucheka.

Sasa Mzee Semkiwa. Huyu alikuwa mkulima wa Makuyuni, hukuhuku Korogwe, mtu mtaratibu, kwenye grupu haandiki kitu zaidi ya "asante", na kati yetu ni yeye peke yake aliyekuwa ananiita Fundi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Elia, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki miaka miwili nyuma. Jioni ile akanipigia simu.

"Fundi," akasema, "huyo mtu ananijua. Miaka miwili sasa kila anayekuja ananiambia nipige moyo konde. Huyu hajaniambia nipige moyo konde."

Nikamjibu, "Ndiyo mzee, muziki una mambo." Muziki una mambo! Mtu kaniwekea moyo wake mezani na mimi namjibu hivyo.

Miezi michache baadaye redio ikagoma, nikaipeleka kwa fundi redio, akaifungua akacheka. "Mpira wa kuzungushia kanda ulikuwa umelegea siku nyingi," akaniambia, "hii kanda ulikuwa unaisikiliza nusu mwendo." Akaweka mpira mpya, akabonyeza, na kilichotoka, ndugu zangu, kilikuwa cha harusi. Kinaruka. Fidla zinakimbizana, mpaka wateja waliokuwa pale wakaanza kupigapiga miguu chini. Nikasimama pale natokwa jasho, maana niliielewa kauli ya Mwalimu kuhusu jogoo: jogoo aliwika hai, nje ya kanda, fidla ndizo zilikuwa zinaburuzwa. Ule msiba wote ulikuwa mpira.

Niliazimia kusema, kweli niliazimia. Lakini Mzee alikuwa ameshaanza kuumwa, na kila nikienda kumwangalia namkuta na kiredio chake cha memori kadi kando ya mto wa kulalia, muziki unapiga, jogoo anawika, ukiisha anaurudisha mwanzo. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yake. Uongo. Nilinyamaza kwa ajili ya Profesa.

Akafariki. Mkewe, Mama Elia, akatuambia marehemu aliomba ule muziki upigwe kabla ya jeneza kushushwa. Mimi nikasema upesi kwamba ninao kwenye simu. Mwalimu Hiza akakataa, akasema, "Mazishini hatupigi jogoo, Profesa. Lete kanda yenyewe." Ningekataa kwa sababu gani, bila kusema ile sababu? Hapo ndipo nikaingiwa na akili ya ajabu, nikakumbuka kwamba betri zikichoka na kanda inachoka, nikapita nyumba kwa nyumba naomba betri zilizokwisha (majirani walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba), nikazijaribu zote mpaka nikapata mchanganyiko uliozirudisha fidla kwenye huzuni yake. Nikajiona fundi kwelikweli.

Siku ya mazishi watu walijaa. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, pembeni ya lile la Elia, mchungaji akamaliza kusoma, akanipa ishara. Nikaiweka redio mezani, na kijana wa kamati akaisogezea maikrofoni ya spika kubwa, halafu kwa wema wake tu akasema, "Fundi, umeme upo, usihangaike na betri," akachomeka waya, na kabla sijafungua mdomo akabonyeza.

Jamani. Fidla zilitoka mbio zinarukaruka juu ya jeneza la mtu, spika mbili kubwa, uwanja mzima, mchungaji akabaki ameshika kitabu hewani, wabeba jeneza wakaangaliana, na bibi mmoja aliyetoka Magoma, masikio na macho vyote vimechoka, akasikia harusi, akapiga kigelegele kirefu mpaka wajukuu wakamziba mdomo. Mimi nikakimbilia kuzima, nikashika kitufe cha sauti, nikaongeza.

Mwalimu Hiza ndiye aliyezima. Akaniinamia, akanong'ona, "Umekosea upande wa kanda?" Alinipa mlango wa kutokea, mzee wa watu, nami nikaupitia. "Ndiyo, mwalimu." Akaigeuza kanda mwenyewe. Upande wa pili ulikuwa na mbio kuliko wa kwanza.

Akazima tena. Akanitazama, midomo yake inatembea kama anayejiimbia kimoyomoyo, kisha akasema polepole, "Ule wa kwanza ndio wenyewe. Ni uleule, ila umekimbia."

"Haujakimbia, mwalimu," nikasema. "Mpira wa redio yangu ulikuwa umelegea. Najua tangu zamani. Hata ile hadithi ya mtu aliyezika mwanawe niliitunga mimi."

Nilinong'ona, ila maikrofoni ilikuwa bado pale mezani, imewashwa. Nilisikia "niliitunga mimi" ikinirudia kutoka kwenye spika, ikaenda mpaka kwa akina mama waliokuwa wanapika ubwabwa upande wa pili wa nyumba, na vijiko vikanyamaza. Hakuna aliyenitukana. Mchungaji akaanzisha wimbo, watu wakaupokea, jeneza likashushwa, na mimi nikasimama nimekumbatia redio mpaka mwisho.

Nilikuwa naondoka kimyakimya Mama Elia aliponiita. Alikuwa mkekani na kina mama wenzake, nikapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama."

"Huo mwendo wa redio sijali," akasema. "Mambo ya mashine. Nauliza huyo mtu. Aliyezika mwanawe. Naye hayupo?"

"Hayupo, mama."

Akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake.

"Mume wangu alikuwa akimwombea," akasema. "Kila siku, baada ya kumwombea Elia. Anasema, na yule mwenzangu wa fidla. Kumbe alikuwa analia peke yake."

Halafu akageuka akawaambia kina mama, "Mpeni Fundi chakula, ana safari." Nikapewa sahani, nikala huku machozi yananitoka. Ningeona nafuu kama angenichapa kofi.

Redio iko juu ya kabati, siigusi, na mke wangu haiulizi. Masikio bado tunakutana Chanika, Mwalimu Hiza alinipigia mwenyewe kuniambia nisikae mbali, ila jina la Profesa lilikufa siku ile na hakuna aliyelitaja tena. Nimeapa kwamba rekodi nisiyoijua nitasema siijui, hata nionekane mjinga mbele ya watu wanane. Saba, siku hizi.